Siku ya kuzaliwa mtoto: nyumba iamue kabla keki haijaingia mlangoni

Wazazi wengi Waislamu hulifikia suala hili likiwa limeshawazidi. Kadi ya mwaliko imekuja kutoka chekechea, bibi ameshaagiza keki, na baba na mama ndiyo kwanza wanagundua, tena mbele ya mtoto, kwamba hawajawahi kuafikiana. Mmoja anasema ni bidaa, uzushi katika dini. Mwingine anasema, mwache mtoto afurahi. Mtoto yuko hapo hapo anasikiliza, na alichojifunza siku hiyo ni kwamba dini ni kitu cha kugombania keki.

Hilo lizungumzwe kabla mtoto hajatimiza miaka mitatu. Akiwa na miaka miwili, tarehe kwake si kitu. Sherehe ya umri huo huwa ya wazazi na simu zao. Akifika mitatu au minne anaanza kujua kwamba kuna siku inayoitwa yake, na mkishaifanya mara mbili, ya tatu ataidai kama haki. Kumzoesha kisha kumnyima ni kugumu kuliko kutomzoesha kabisa. Basi kaeni wawili, watoto wakiwa wamelala, mtoke na jawabu moja mtakaloweza kulisema kwa sauti moja kwa miaka kumi ijayo.

Na jawabu hilo halitoki hewani, kwa hiyo tuanze na maulamaa wenyewe.

Ikhtilafu ya maulamaa iko wapi hasa

Kauli ya kukataza ndiyo maarufu zaidi. Wanazuoni wa Saudi Arabia Ibn Baz, aliyefariki 1999, na Ibn Uthaymin, aliyefariki 2001, wote wawili walikataza. Dalili zinazotajwa ni tatu. Ya kwanza ni hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kuzua katika jambo letu hili kisichokuwamo, kitarejeshwa. Ya pili ni ya Abu Daud, kwamba mwenye kujifananisha na watu basi naye ni miongoni mwao. Ya tatu ni hadithi ya Anas: Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo, akawaambia Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa siku zilizo bora kuliko hizo, Adh-ha na Fitri. Ibn Uthaymin aliichambua mas-ala kwa makini: anayeisherehekea kwa nia ya ibada ameingia kwenye bidaa, na anayeifanya kwa ada, yaani desturi tu, bado ana mambo mawili ya kujibu, kuifanya siku kuwa sikukuu ilhali sheria haikuifanya hivyo, na kujifananisha.

Upande wa pili iko Dar al-Ifta ya Misri, taasisi rasmi ya fatwa ya nchi hiyo, inayoruhusu madamu ndani yake hamna cha haramu. Hoja yao ni kwamba hii ni ada, na asili ya ada ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Wanaoruhusu hutaja pia maneno ya Nabii Isa katika Sura Maryam aya ya 33, "na amani iko juu yangu siku niliyozaliwa", na hadithi ya Muslim ambamo Mtume aliulizwa kuhusu funga ya Jumatatu akajibu kwamba ndiyo siku aliyozaliwa. Wanaokataza huwajibu kwamba Jumatatu huja kila wiki, na kilichofanywa ndani yake ni funga, hapakuwa na karamu ya mwaka. Hata ndani ya Saudi Arabia jambo hili limewahi kuzua mjadala wa hadharani: mwaka 2008 mwanazuoni Salman al-Ouda alisema kwenye televisheni kwamba kuikumbuka siku hiyo bila kuipa sura ya kidini hakuna ubaya, na Mufti Mkuu wa wakati huo, Abdul Aziz Al al-Sheikh, akampinga waziwazi.

Ukizisoma hoja hizo pamoja utaona zinakutana kwenye swali moja: hili ni ada au ni ibada? Na hapo ndipo familia nyingi hujikwaa bila kujua. Mtu anaona aibu kidogo kuhusu sherehe, anaamua "kuiweka sawa kidini": inasomwa khitma kila mwaka tarehe ile ile, dua maalumu zinapangwa kwa mfuatano, pengine na mawaidha. Anadhani amepunguza tatizo, kumbe amelikuza. Aliyeruhusu, aliruhusu kwa sababu jambo ni la kidunia. Ukilipa siku maalumu, namna maalumu na kisomo maalumu, umeutoboa mtumbwi uliokuwa umekubeba. Ukiwa unafuata kauli ya ruhusa, liache liwe la kidunia: chakula, wenzake, michezo. Kumuombea mtoto dua hakuna mtu anayekukataza, lakini muombee kila siku.

Kuhamishia sherehe kwenye tarehe ya Hijria nako hakubadilishi hukumu. Anayekataza hajakataza Januari au Juni. Amekataza mrejeo wa kila mwaka.

Kwanza, akika iko wapi?

Kabla ya lolote, nyumba ijiulize kama akika ya mtoto huyu imechinjwa. Hiyo ndiyo furaha ya kuzaliwa ambayo sunna imeiwekea utaratibu: siku ya saba, mbuzi au kondoo wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, mtoto anapewa jina, ananyolewa, na inatolewa sadaka ya madini ya fedha kwa uzito wa nywele zake. Nywele za mtoto mchanga ni nyepesi mno, kwa hiyo sadaka hiyo haimuumizi mtu.

Kosa la kawaida ni la hesabu. Kwa maulamaa wengi siku ya kuzaliwa yenyewe huhesabiwa, kwa hiyo aliyezaliwa Alhamisi mchana, ya saba yake ni Jumatano, si Alhamisi ijayo. Aliyezaliwa Alhamisi usiku, baada ya Magharibi, kwa hesabu ya Kiislamu amezaliwa Ijumaa, na ya saba yake ni Alhamisi. Ikipita ya saba, wengine huifanya ya 14 au ya 21, na kwa madhehebu ya Shafi mlango haufungwi kwa mzazi mpaka mtoto abaleghe. Nyumba iliyokwisha kata keki tano na akika bado haijachinja imepanga mambo yake kichwa chini, hata kwa kauli ya anayeruhusu keki.

Nyumba isiyosherehekea

Msimamo huu ni mwepesi kuutangaza na mzito kuuishi, na sababu yake kubwa ni kalenda. Kutoka Idi ya Fitri hadi Adh-ha ni siku 67 hadi 69 tu. Baada ya hapo mtoto anasubiri zaidi ya siku 280 mpaka Fitri nyingine. Maana yake furaha zake zote mbili zimelundikana kwenye miezi miwili na ushei, halafu kuna jangwa la miezi tisa, na ndani ya jangwa hilo anahudhuria, au anazisikia, sherehe za wenzake darasa zima. Wazazi wanaomwambia "wewe una Idi mbili" hawajawahi kuipiga hesabu hiyo.

Kwa hiyo mambo mawili. Kwanza, Idi yenyewe ishibe. Nyumba nyingi zinazokataza siku ya kuzaliwa hufanya Idi ya kufua nguo, kuswali, kula na kulala mchana. Mtoto akilinganisha, atajua ni ipi iliyoshinda. Anzeni siku kumi kabla. Mpe mtoto kazi inayoonekana: kufunga zawadi za ndugu zake, kubeba Zakatul-fitri pamoja na baba, kuchagua mtoto mmoja wa kualikwa. Kipimo cha Zakatul-fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu, hata kitoto kichanga. Mwacheni aipime mwenyewe. Zawadi ipewe asubuhi, isiachwe hadi usiku watu wakiwa wamechoka. Ombeni ruhusa shuleni mapema kwa kutaja siku mbili zinazowezekana, kwa kuwa mwezi huandama usiku wa kuamkia.

Pili, lile jangwa lijazwe na furaha zisizofungwa na tarehe. Mtoto amemaliza Juzuu Amma, zile sura 37 kuanzia An-Nabai mpaka An-Nas: siku hiyo ni yake. Amefunga siku nzima kwa mara ya kwanza, ameanza kuswali, amepona ugonjwa uliomlaza. Zawadi ya aina hii ina faida moja zaidi, hulipwa kwa alichokifanya. Angalizo: isiwe kila mwaka wiki ile ile. Kuna wazazi wanaokata keki siku moja kabla na kusema hawakusherehekea. Mtoto wa miaka sita anaielewa hila hiyo vizuri sana, na ataitumia kwenye mengine.

Namna ya kumwambia. Kwa mtoto wa miaka minne inatosha: "Kwetu sikukuu ni mbili. Wenzetu wana hii. Tunamtakia rafiki yako heri, nasi tunaingoja Idi." Msiwataje watoto wengine kuwa makafiri, wala moto, wala "haramu" kwa sauti ya kukemea, ataifikisha hiyo darasani kesho yake, kwa maneno yake na kwa mtoto asiyehusika. Kuanzia miaka minane mwelezeni kwamba wanazuoni wametofautiana na nyinyi mmefuata kauli hii. Asipoambiwa, siku atakayomwona binamu yake Mwislamu anakata keki ataamua kuwa ama binamu si Mwislamu mzuri, ama nyinyi mlimdanganya.

Nyumba inayosherehekea

Hapa mipaka ndiyo kazi. Jina lenyewe kwanza: isiitwe Idi. Wengi wa waliokataza linawachoma neno hilo, kwa kuwa Kiarabu cha kawaida huita siku hii *idi milad*.

Wakati ndio unaoharibu sherehe nyingi. Mialiko inaandikwa saa kumi, watu wanafika saa kumi na moja na nusu, keki inakatwa Magharibi inaadhiniwa. Pangeni mwisho kwanza: sherehe iishe nusu saa kabla ya Magharibi, kisha rudini nyuma. Watoto chini ya miaka mitano hutosheka na saa moja na nusu. Wakubwa saa mbili. Kama siku ni fupi na Alasiri iko karibu mno na Magharibi, ifanyeni asubuhi. Tarehe ikiangukia ndani ya Ramadhani, iahirisheni bila kusita: si busara kuwakusanya watoto wale mchana mbele ya wenzao wanaojizoeza kufunga, na kuihamishia kwenye futari ni kuigeuza futari kuwa kitu kingine.

Idadi ya wageni: umri wa mtoto na mmoja juu. Wa miaka mitano, watoto sita. Kanuni hii haina dalili ya kisheria, ni ya kuokoa akili za wazazi, lakini pia ndiyo kizuizi bora cha israfu. Gharama haipandi kwa sababu ya keki, inapanda kwa sababu ya vichwa, na vichwa vinaongezeka kwa sababu ya kushindana. Sherehe ya kukopa haina utetezi kwa mwanazuoni yeyote. Aya ya 27 ya Sura Al-Israa inawaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, na haikuwatoa wale wanaobadhiri kwa ajili ya mtoto.

Mishumaa ningeiacha hata katika nyumba inayoruhusu mengine. Keki yenye mishumaa ya kuhesabu miaka ina historia yake Ujerumani tangu karne ya 18, na kinachoambatana nayo ni kufumba macho, kutia nia moyoni na kupuliza ili lililoombwa litimie. Hiyo si ada tupu, ni itikadi ndogo imevaa nguo ya mchezo: mtoto anafundishwa kuomba kwa moshi. Halafu kuna mate juu ya chakula cha watu kumi. Badala yake mtoto aseme Bismillahi, akate, kipande cha kwanza ampe mama yake. Sura Luqman aya ya 14 imetaja mama alivyombeba katika udhaifu juu ya udhaifu, na ukiangalia vizuri, siku ile aliyefanya kazi ni yeye.

Vyakula vikaguliwe kwa kusoma lebo, si kwa kukisia. Gelatini kwenye peremende za kutafuna na kwenye mapambo laini ya keki mara nyingi ni ya nguruwe. Kama haikuandikwa ni ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali, ya samaki au ya mmea, iachwe. Vanila ya maji huwa imechujwa kwa alkoholi. Tumieni ya unga. Maputo nayo: kipande cha puto lililopasuka ni hatari ya kupaliwa kwa mtoto yeyote chini ya miaka minane, kwa hiyo mtu mzima mmoja awe na kazi ya kuokota vipande tu.

Zawadi zifunguliwe wageni wakishaondoka. Mbele yao zinalinganishwa, na mtoto aliyeleta kidogo anarudi kwao mdogo. Mwaliko ukiandika kwamba zawadi si lazima, ni bora zaidi. Na kwa ndugu wa nyumba moja kumbukeni hadithi ya Nuuman bin Bashir: baba yake alimpa zawadi, Mtume akauliza kama amewapa watoto wote mfano wake, akaamrisha uadilifu. Uadilifu hapa hautaki kila mtoto apate kitu siku hiyo hiyo, lakini unataka mwaka ukiisha mizani ilingane, pamoja na yule aliyezaliwa kipindi ambacho nyumba huwa haina kitu. Andikeni mahali, kumbukumbu ya mzazi humpendelea kitinda mimba.

Picha zibaki nyumbani. Jina kamili, sura na tarehe ya kuzaliwa vikiwekwa pamoja mtandaoni ni mali ya matapeli, na yupo pia hasidi. Mtume alikuwa akiwakinga wajukuu zake Hassan na Hussein kwa maneno haya, ya kuomba hifadhi dhidi ya shetani, mdudu mwenye sumu na jicho baya: *U'idhukuma bikalimatillahi-ttammah, min kulli shaytanin wa hammah, wa min kulli aynin lammah.* Kwa mtoto mmoja wa kiume sema *u'idhuka*, wa kike *u'idhuki*.

Mialiko, shule, na bibi

Kama hamhudhurii, mwambieni mzazi mwenyeji mapema na kwa faragha, msimwachie mtoto aeleze. Sentensi mbili zinatosha: tunashukuru kwa kumkumbuka, kwetu hatushiriki siku za kuzaliwa, tungependa mwanao aje kucheza kwetu wiki ijayo. Sehemu ya mwisho ndiyo inayoulinda urafiki, kwa hiyo itimizeni kweli. Kama mnahudhuria, ulizeni matatu kabla ya siku: itaisha saa ngapi, chakula gani, na nani mtu mzima atakuwepo. Mtoto ale nyumbani kwanza.

Kwa mwalimu, barua fupi mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Itaje vitu halisi: asivishwe taji, asisimamishwe mbele kuimbiwa, lakini asitolewe nje ya darasa wenzake wanapoimbiwa, na akigawiwa keki mwalimu afanye nini. Barua isemayo "kwa sababu za kidini tafadhali zingatieni" haimsaidii mwalimu, naye ataamua mwenyewe, na kawaida huamua kumtoa mtoto nje.

Bibi na babu wasio Waislamu, kwa familia za waliosilimu, wanahitaji upole zaidi. Zawadi wanayoleta siku hiyo ni ya mapenzi. Mtume alipokea zawadi kutoka kwa wasio Waislamu, na aya ya 8 ya Sura Al-Mumtahina haikatazi kuwatendea wema. Wapeni siku yao: watajieni tarehe za Idi mwezi mzima kabla, waambieni hiyo ndiyo siku mjukuu anayowasubiri. Wengi huudhika kwa kudhani wamefungiwa mlango, na wakionyeshwa mlango mwingine huingia. Wazazi waliotengana na wanaotofautiana, kila mmoja alinde nyumba yake na asimhoji mtoto kilichotokea kule.

Umri unaohesabika

Nyumba zote mbili zina tarehe ambazo hazina budi kuzijua, nazo ni za Hijria. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, pungufu ya ule wa Miladi kwa siku 11 hivi. Mtoto anatimiza miaka saba ya Hijria, umri wa kuamrishwa swala, akiwa na miaka 6 na miezi 9 na nusu kwa kalenda ya ukutani. Kumi, ambapo hadithi ya Abu Daud inataja pia kutenganisha malazi, huja akiwa na miaka 9 na miezi 8 na ushei. Kati ya saba na kumi ni miaka mitatu ya kukumbusha swala tano kwa siku, yaani zaidi ya mara 5,000 kabla ya ukali wowote kutajwa. Na kumi na tano, ambayo kwa Shafi na Hanbali ni baleghe kwa asiyeonyesha dalili kabla yake, hutimia akiwa na miaka 14 na miezi 6 na nusu. Anayengoja keki ya kumi na tano amemkosesha mtoto karibu nusu mwaka wa kuambiwa kwamba sasa funga na swala ziko shingoni mwake.

Cheti cha kuzaliwa hakitawasaidia kupata hesabu hiyo kamili, kwa sababu siku ya Hijria huanza Magharibi. Nyuma ya cheti andikeni kwa kalamu kama mtoto alizaliwa kabla au baada ya jua kuzama, na tarehe ya mwezi iliyokuwa usiku ule.